Je, Vanila Yako Ni Dume?

Leo naomba tuache kidogo habari za bungua wa kahawa na fukusi wa migomba, maana kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno, nikasema hili halifai kujibiwa njiani juu ya pikipiki.

Swali lenyewe ni hili. Mkulima anakusimamisha, anakushika mkono, anakwambia: "Bwana Shamba, ile vanila yangu sasa ina miaka minne. Imenenepa, imepanda mti mpaka juu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Lakini ua hata moja sijaliona. Je, waliniuzia dume?"

Swali zuri, na nalijua linatoka wapi. Mpapai ukiwa dume hutoa vijiua vyembamba vinavyoning'inia, na papai hupati. Kwa hiyo mtu anadhani na vanila nayo ina dume na jike. La, ndugu mkulima. Hakuna vanila dume. Kila ua la vanila lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike ndani yake, zote mbili, zimekaa karibu kuliko mume na mke katika kitanda cha futi tatu na nusu. Taabu ni kwamba kati yao pana ukuta. Habari ya ukuta huo nitaifikia. Kwanza tuyapate hayo maua.

Nataka nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Kilema, mjane, ana kihamba cha kama nusu eka, kahawa na migomba kama kawaida yetu, na ng'ombe mmoja wa ndani. Alipanda marando 40 ya vanila kwa fedha aliyopata alipouza ndama. Nilipofika mara ya kwanza aliniuliza vanila inapenda nini. Nikamjibu kama nilivyosoma: huu ni mmea wa msituni, unapenda unyevu, unapenda kivuli, unapenda mboji nyingi. Sikusema uongo. Mama yule akanisikiliza barabara. Akasogeza marando yake kando ya mfongo, mahali ambapo maji hayakauki mwaka mzima. Akayaweka chini ya mringaringa mkubwa. Kila samadi ilipotoka zizini, vanila ilipata fungu lake kabla ya migomba.

Ndugu mkulima, vanila ile ilikua! Mwaka wa tatu ilikuwa imeupita mringaringa matawi ya kwanza. Mwaka wa nne tukawa tunaitazama kwa shingo. Ua, hakuna. Mama akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko angenigombeza: "Mwanangu, mimi yule ndama nilikuwa nimempangia ada ya mtoto. Nikikata hii mizabibu yako nikapanda majani ya ng'ombe, utakasirika?"

Nikamwomba msimu mmoja tu. Nikarudi chuoni, nikakaa chini, nikaanza kujiuliza upya. Na jibu nililokuwa nalitafuta vitabuni, lilikuwa limesimama pale pale kihambani kwake miaka yote: mbuni.

Wewe ni mkulima wa kahawa, au baba yako alikuwa. Unajua mbuni unavyofanya. Vichipukizi vya maua vinatokea, halafu vinalala. Vinalala Januari, vinalala Februari, jua linawaka, majani yanalegea. Kisha mvua ya kwanza inanyesha, na baada ya siku kama nane au kumi hivi unaamka asubuhi kihamba chote ni cheupe na kinanukia. Pasipo kiu ile ya kwanza, mvua haina cha kuamsha. Mahali ambapo mvua inanyesha mwezi baada ya mwezi bila kupumzika, mbuni hutoa maua kidogo kidogo mwaka mzima, na mvunaji hana raha.

Vanila ni hivyo hivyo, tena zaidi. Kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, kwenye misitu ya joto yenye kipindi cha ukavu. Mmea uliopewa maji na samadi siku zote unajiona uko peponi. Kwa nini uhangaike kuzaa? Unaongeza majani tu na kupanda. Ni pale unapoonja kiu kwa miezi miwili hivi ndipo unapogeuza nguvu yake kwenye maua. Sisi tulikuwa tumeupa mmea wa yule mama kila kitu isipokuwa sababu ya kuzaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulitazama ni maji. Ikiwa vanila yako inakunywa mfongo mwaka mzima, iachishe. Hapa kwetu mvua za masika zikiisha Mei, tunaingia kipupwe, na ukungu wa mlima unapoanza kupungua kuelekea Agosti na Septemba ndipo wakati wa kuiacha ikae kavu. Usimwagilie. Usiweke samadi mbichi. Matandazo yabaki, maana mizizi ya vanila inatambaa juu juu, ndani ya majani yaliyooza, na jua kali likiipiga itakufa. Kiu na kifo ni vitu viwili. Majani yakianza kukunjamana na shina kupata mikunjo kama ngozi ya mzee, hapo umepita mpaka, mpe maji kidogo. Na kama huwezi kuzuia mfongo kwa sababu migomba ya jirani inautegemea, basi vanila ndiyo ihame, si mfongo.

Jambo la pili ni kivuli, nalo watu wengi wa mlimani wanakosea kwa sababu vihamba vyetu vya juu vina giza. Vanila inapenda nusu kwa nusu. Simama chini ya mti wako saa sita mchana, utazame ardhi. Kama madoa ya jua na madoa ya kivuli yanakaribia kuwa sawa, ni vizuri. Kama ardhi yote ni kivuli na wewe unasikia baridi, punguza matawi. Kama majani ya vanila yamegeuka manjano na kuungua kingo, jua limezidi. Fanya kazi hiyo ya kupunguza matawi kabla ya kiangazi, usikate yote kwa siku moja ukaiacha vanila uchi.

Sasa jambo la tatu, nalo ndilo ambalo ukilikosa, hayo mawili hayatakusaidia. Vanila inayopanda haizai. Vanila inayoning'inia ndiyo inayozaa. Ukiiacha ifuate mti, itafuata mti hadi juu kabisa, na hata ikiamua kutoa maua, yatakuwa huko kwa ndege, wewe utayasikia harufu tu. Rando likifika kimo chako cha mkono, kama mita moja na nusu hivi, lipitishe juu ya tawi au pachipachi ya mti, ulishushe taratibu upande wa pili lining'inie. Pale lilipokunjwa, utomvu unapunguza mwendo, na sehemu inayoning'inia mbele ya mkunjo ndiyo itakayotoa mashada. Likifika chini, funika pingili mbili tatu kwa mboji na matandazo lipate mizizi mipya, kisha lipandishe tena. Mmea unafanya kitanzi kimoja, viwili, vitatu, na wewe unaishi nao kimo chako, hupandi ngazi.

Halafu ncha. Majuma sita hadi manane kabla ya wakati unaotazamia maua, kata ncha ya lile rando linaloning'inia, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kama sentimita 10 hadi 15. Tumia kisu safi. Uwe umevaa shati la mikono mirefu, maana utomvu wa vanila unawasha; mimi nilijifunza hilo shingoni. Ncha ikiondoka, mmea hauna tena pa kukimbilia, na macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani yanaamka. Usikate marando yote ya mmea. Acha mengine yaendelee kukua, kwa sababu rando likishazaa halizai tena vizuri pale pale, na maua ya mwaka kesho yatatoka kwenye ukuaji wa mwaka huu.

Mti wa kuegemea nao ni neno. Mbono unafaa, gliriside inafaa, mradi uwe na matawi ya chini na usiwe unabambuka magome kama mkaratusi. Usiupandishe juu ya mbuni, utaua vyote viwili. Nimewaona wengine wanatumia masale ya mpakani. Mmea wenyewe haukatai, na huko visiwani kwenye Bahari ya Hindi watu wanatumia mimea ya jamii ya sale kwa kazi hiyo hiyo. Lakini wewe ni Mchaga, au unakaa na Wachaga: sale la mpaka lina watu wawili. Kaongee kwanza na jirani, usije ukaanzisha kesi ya kihamba kwa ajili ya ua.

Kuna wengine wanaonisikiliza ambao hata wakifanya yote haya hawatapata kitu, na ni haki yao kuambiwa mapema. Vanila haipendi baridi. Inataka joto la digrii 21 na kwenda juu, mpaka kama 32. Kwa watu wa chini ya barabara na wale wa ukanda wa kati, hapo ndipo mahali pake. Kihamba chako kikiwa juu sana, karibu na msitu, mahali ambapo Julai unawasha moto mchana, vanila itaishi, itakuwa pambo, lakini usiipangie ada ya shule. Baki na kahawa yako na ng'ombe wako.

Na umri. Rando la mita moja, lenye pingili nane au kumi, ukilitunza linaweza kutoa maua ya kwanza kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Kipande kifupi cha shubiri moja kitakuchukua mwaka mmoja au miwili zaidi. Wauzaji wa marando wanapenda kukata vifupi kwa sababu wanauza kwa hesabu. Wewe nunua kwa urefu.

Haya, turudi Kilema. Mwezi Agosti tuliuziba mchirizi uliokuwa unapita kwenye mizizi. Kijana wa jirani akapanda mringaringa akapunguza matawi. Marando tuliyavua mtini, kazi ya siku mbili, mengine yalivunjika, tukayapanda kama mbegu. Tukayakunja, tukayashusha, tukakata ncha. Mama hakusema kitu. Alikuwa na uso wa mtu anayemsaidia mgonjwa kuandika wosia.

Mwanzoni mwa Oktoba kwenye makwapa ya majani kukatokea vitu. Hapo ujue kutofautisha. Kichipukizi cha tawi kina ncha kali na kinanyooka. Kichipukizi cha ua ni kifupi, kinene, kina magamba kama mkia wa mjusi. Vyake vilikuwa vinene. Tukafurahi. Mimi nikamwambia, "Mama, bado majuma kadhaa, nitarudi kukufundisha kuchavusha." Nikaenda zangu.

Kosa la pili, ndugu mkulima. Asubuhi moja kabla ya saa moja simu ikalia, nami nilikuwa Moshi mjini najiandaa kwenda mkutanoni. "Bwana Shamba, yamefunuka! Ni kama kumi na moja. Mazuri! Nifanye nini?" Nikajaribu kumweleza kwa simu. Ni kama kumweleza mtu kufunga kamba ya kiatu kwa simu. Nilipofika saa tisa alasiri maua yote kumi na moja yalikuwa yamelegea na kujifunga. Kesho yake yalikuwa chini.

Ua la vanila linaishi asubuhi moja tu. Linafunuka alfajiri, mchana linaanza kujifunga, na lisipochavushwa linaanguka. Na hapa ndipo nifikie ule ukuta.

Ndani ya ua kuna nguzo ndogo. Juu ya nguzo kuna chavua, yaani ile unga ya kiume, imekaa kama donge la njano. Chini yake kidogo kuna mahali panaponata, pa kike, panapopokea chavua. Na kati ya viwili hivi kuna kijiulimi, kiwambo chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachofunika. Chavua haiwezi kushuka yenyewe. Kule Meksiko kuna nyuki wa misitu ya huko wanaoingia na kutoka na kuifanya kazi hiyo, na hata kwao maua yanayopata bahati ni machache. Huku kwetu nyuki hao hawapo. Nyuki wako wa mzinga atapita juu ya ua, atalitazama, ataondoka.

Jambo hili liliwashinda wataalamu wa Ulaya muda mrefu. Wahispania waliipeleka vanila Ulaya katika karne ya 16, watu wakaipenda ndani ya chokoleti, lakini matunda yaliendelea kutoka Meksiko tu. Mabwana wakubwa waliotesha marando katika nyumba za kioo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mmea ulitoa maua London, wakaja kulitazama, wakalichora, likaanguka. Katika miaka ya 1820 Wafaransa waliyapeleka marando katika kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Yakakua. Tunda hakuna. Mwaka 1836 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kuchavusha kwa mkono katika bustani ya Liège, lakini njia yake haikuwa ya kutumika shambani.

Aliyeifungua vanila kwa wakulima wa dunia alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12. Jina lake Edmond. Hakuwa na jina la pili, watumwa hawakupewa. Mwaka 1841, huko Sainte-Suzanne katika kisiwa hicho cha Bourbon, bwana wake alikuta matunda mawili kwenye mmea uliokuwa tasa miaka mingi. Akauliza. Mtoto akasema ni mimi nimefanya. Bwana hakuamini, mpaka siku nyingine Edmond alipolishika ua, akainua kile kijiulimi kwa kijiti, akabonyeza kwa kidole gumba. Basi. Hakuna kingine. Kutoka hapo alizungushwa shamba kwa shamba kuwafundisha watumwa wengine. Kisiwa kikatajirika, kisha Madagaska na Komoro zikafuata. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 akapewa jina la Albius. Alikufa maskini mwaka 1880. Ganda lolote la vanila unaloona leo sokoni, nje ya kule lilikotoka, limetokana na vidole vya mtu anayefanya kama alivyofanya yule mtoto.

Mimi nawaeleza haya kwa sababu moja. Watu wanaogopa kuchavusha, wanadhani ni kazi ya maabara. Si kweli. Hebu tufanye pamoja.

Tafuta kijiti chembamba kisicho na ncha ya kuchoma: kipande cha mwanzi, au mwiba wa mlimau uliosuguliwa ncha, au kile cha kuchokolea meno. Amka mapema. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi ndio wakati wako, ukichelewa sana saa sita. Ua lililolowa umande acha kwanza likauke kidogo. Lishike ua kwa mkono wa kushoto, kutokea nyuma, vidole vikilibeba kama unavyobeba kifaranga. Ua lina mdomo uliojikunja kama tarumbeta ukiifunika ile nguzo. Pasua mdomo huo kwa kijiti, uuteremshe, uione nguzo. Sasa ingiza kijiti chini ya kijiulimi, ukiinue kiende juu na nyuma. Usikikate. Kikiwa juu, donge la chavua litaning'inia mbele ya pale panaponata. Kwa kidole gumba cha mkono ule wa kushoto libonyeze ligusane napo. Polepole vuta kijiti. Umemaliza. Kwa mwenye kuzoea haifiki nusu dakika, na wapo wanaochavusha maua elfu moja na zaidi kwa asubuhi moja. Siku ya kwanza wewe utaharibu kumi. Haidhuru, yangeanguka tu.

Utajuaje kama limeshika? Ua lililoshika halianguki. Linanyauka lakini linabaki limeng'ang'ania kwenye ncha, na kile kishina cha nyuma yake, ambacho ulidhani ni kikonyo, kinaanza kurefuka. Hicho ndicho ganda. Baada ya majuma sita hadi manane limefika urefu wake, shubiri moja hivi, lakini limekomaa? Bado sana. Linahitaji miezi tisa kama mtoto wa binadamu.

Usichavushe yote. Nakuomba unisikilize hapa, kwa sababu tamaa imeua vanila nyingi kuliko magonjwa. Shada moja lina maua 15, hata 20 na zaidi, na linafunua moja, mara mbili, mara tatu kwa siku. Chavusha manane hivi, yaliyo upande wa chini ili maganda yaning'inie yakiwa yamenyooka, kisha vunja vichipukizi vilivyobaki. Mashada kumi kwa mmea mzima yanatosha, na kwa mmea unaozaa mara ya kwanza nusu ya hayo. Mmea uliobebeshwa maganda mia mbili utayazaa, ndiyo, membamba kama njiti, halafu mizizi itashindwa, ugonjwa wa kuoza utaingia, na mwaka wa pili unachimba. Ugonjwa huo hauna dawa ya kukutibia mmea. Ng'oa, choma, usipande tena pale pale.

Fanya hesabu ya mama wa Kilema. Mmea wenye mashada kumi, kila moja maganda manane, ni maganda 80, ambayo yakilimwa vizuri yanapita kidogo kilo moja mbichi. Kilo tano au sita mbichi, zikishachovywa maji ya moto, kuvundikwa na kukaushwa kwa miezi, zinatoa kilo moja ya vanila kavu. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja bei, muulize kwanza: bei ya mbichi au bei ya kavu? Wapo waliozunguka nchi hii wakiwauzia watu marando kwa kutaja bei ya kavu, tena ya mwaka ule uliokuwa wa juu kuliko yote.

Maana bei ya vanila ni mawimbi. Madagaska ndiyo inayotoa vanila nyingi zaidi duniani, na kimbunga kikipita kule, bei inapaa kila mahali. Kimbunga Hudah kilipiga mwaka 2000, na kufika mwaka 2003 kilo ya kavu ilikaribia dola 500. Wakulima wa Kagera na wenzao wa Uganda walipanda kwa shangwe. Miaka miwili baadaye ilikuwa chini ya dola 50, wengi wakang'oa. Mwaka 2017 kikaja kimbunga Enawo, bei ikapaa tena hadi karibu na dola 600. Mwaka 2023 serikali ya Madagaska ikaondoa bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imewekea wauzaji wake, bei ikaporomoka. Kwa hiyo mimi sikwambii ung'oe mbuni wala mgomba. Nakwambia panda mimea 30 au 40 katikati ya kahawa yako, baada ya kujua ni nani atakayenunua na kwa masharti gani, na kama haipo karatasi, uwe umeuliza wenzio waliomuuzia mwaka jana.

Mtaniuliza habari za wezi. Ni kweli, wapo. Madagaska mkulima anachoma alama yake kwa pini juu ya ganda likiwa bichi, na alama inabaki mpaka likauke. Unaweza kuiga. Lakini wizi unazalisha kosa jingine: mtu anaogopa kuibiwa, anavuna mwezi wa sita. Ganda lisilokomaa halina harufu, mnunuzi analikataa au anakupa bei ya majani. Subiri ncha ianze manjano. Ni afadhali kulala kihambani mwezi mmoja.

Yule mama, baada ya kumi na moja zile kupotea, mimi nililala kwa mdogo wangu Kilema ili alfajiri niwe shambani. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na mjukuu wake wa darasa la sita aliyesimama nyuma yetu na sare ya shule. Mama mikono yake ilikuwa inatetemeka, macho nayo hayaoni karibu. Alijaribu matatu, yakachanika. Akampa mtoto kijiti. Mtoto akauliza, "Hapa?" nikasema hapo. Akainua, akabonyeza. Akaenda ua la pili bila kuniuliza.

Kwa majuma matatu mtoto yule alichavusha kabla ya kwenda shule, na Jumamosi alifanya mpaka saa nne. Maua 600 na kitu yalishika, kwenye mimea 26 iliyotoa maua. Mavuno yake ya kwanza hayakulipa ndama yote. Yalilipa kama nusu. Mwaka uliofuata ndio alivuka. Mimi kila nikipita pale napewa ndizi, na mjukuu ananiamkia huku anacheka, maana anajua ni yeye fundi.

Wanaotaka kujifunza kwa mikono, mwoneni Bwana Shamba wa kata yenu mwezi wa Agosti, msingoje Oktoba. Mkiwa watu kumi mnatosha, mmoja wenu awe na mmea wenye maua, wengine mje na vijiti. Waleteni na vijana wenye macho mazuri. Mazungumzo yetu yajayo yatakuwa juu ya kuchovya na kuvundika: maji ya joto gani, dakika ngapi, na blanketi gani, kwa sababu hapo napo nimeona maganda mazuri yakioza kwenye gunia. Kwaheri kwa leo.